Mwanamke Aliyeketi Kando ya Mume Wangu

Wivu wangu siufichi. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki kuumbuliwa na kilio. Mimi ni msusi. Nina kiti kimoja, kioo kimoja na mume mmoja, na vyote vitatu nataka ijulikane ni vya nani. Ndiyo maana vitu vya mume wangu huvipaka rangi ya kucha. Si rangi ya kununua hivihivi dukani, ni mabaki ya chupa za saluni ninayoyachanganya mwenyewe, nyekundu iliyoiva yenye chembe za kumetameta, haina pacha. Mkanda wake una alama kwa ndani. Mwavuli wake una alama. Hata mabuti yake ya mpira ya kazini niliyatia alama kisiginoni, siku aliyoyaleta nyumbani kuyasugua. Wenzake walimcheka wakasema kaolewa. Akaja kunishtaki kwangu mwenyewe huku anacheka, nikamwambia waache waseme, mali yenye alama haiokotwi.

Sasa mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake hajawahi kuokota chochote changu. Angeokota ingekuwa nafuu, ningepata pa kumshikia. Wanamwita Mama Kiti. Anafanya kazi kitengo cha kufungasha katika kiwanda cha maziwa, kulekule mume wangu anakoosha matangi, na jina hilo kalipata kwa sababu ya utaratibu wao mmoja. Pale mfanyakazi akituhumiwa kosa la kufukuzisha, hafukuzwi hivihivi. Lazima aambiwe kosa lake ni lipi, apewe muda wa kujiandaa, aitwe kwenye kikao cha nidhamu ajieleze, na anaruhusiwa kuingia na mfanyakazi mwenzake mmoja akae kando yake. Basi kile kiti cha kando karibu kila mtu humpa yeye. Zamani, wanasema, watu waliingia peke yao na kutoka wametia sahihi kitu wasichokielewa. Siku hizi wanaingia na Mama Kiti.

Angekuwa mrembo ningejua la kufanya. Mfupi, miguu imejaa, ana mwanya ambao kwa mwingine ungekuwa uzuri na kwake ni mwanya tu. Kikaoni huvaa blauzi ileile ya buluu kila mara. Ila anasikiliza. Mtu akizungumza naye, anainamisha kichwa upande na kunyamaza mpaka mwenzake amalize, hata kama anachosema ni upuuzi. Mimi ni msusi, najua wanaume wanavyokufa kwa kusikilizwa.

Mume wangu alirudi mchana wa siku ya kazi, viatu vya njiani miguuni, uso umemwanguka. Akaketi bila kuvua shati.

"Nimesimamishwa," akasema. "Maziwa ya tangi zima yamekwenda mferejini. Saa Ngapi anasema niliacha koki wazi."

Saa Ngapi ni msimamizi wao wa zamu, anaitwa hivyo kwa kuwa ukichelewa hakusalimii, anakuuliza tu saa ngapi.

"Uliiacha?"

"Niliifunga. Mpira wake wa ndani umechakaa, nilimwambia mwenyewe zaidi ya mara moja." Akajaribu kutania, masikini: "Maziwa yameshamwagika, mama watoto. Umebaki unga."

Sikucheka. Watoto wako shule, kodi ya nyumba inamwangalia yeye, na mtu aliyefukuzwa kiwanda kile kwa uzembe hapokelewi na kiwanda kingine. Jina linakwenda mbele yake. Nikamuuliza mabuti yake yako wapi.

"Kwenye ndoano yangu. Yatanisubiri."

Hilo nililielewa. Kiwandani kwao kila muosha matangi ana mabuti yake, na buti la mtu halivaliwi na mwingine mpaka mwenyewe awe ameondoka moja kwa moja. Haijaandikwa popote, ila hakuna asiyeijua desturi hiyo. Mume wangu alipovunjika mkono, alikaa nyumbani mpaka buibui wakajenga ndani ya mabuti yake na hakuna aliyeyagusa. Nikamwambia basi ni sawa, tutapambana. Nitavaa vizuri, nitaingia naye, nitamweleza huyo Saa Ngapi saa ni ngapi.

"Mke haruhusiwi," akasema. "Lazima awe mfanyakazi mwenzangu. Nimeshamchagua Mama Kiti."

Roho iliniuma, sitadanganya. Nilikaa kando ya mume huyu akizika mama yake. Nilikaa kando yake hospitali wakimnyoosha mkono. Leo siku ya kuamuliwa maisha yake imekuja, kiti cha kando anapewa mwanamke wa kufungasha maziwa, tena kwa utaratibu rasmi.

Mama Kiti akaanza kuja nyumbani jioni. Hodi, karibu, za hapa, nzuri. Ananiita mdogo wangu. Nawatengea chai, nakwenda zangu jikoni, nasugua sufuria iliyokwisha takata, sikio liko sebuleni. Anamuuliza mume wangu maswali makali kana kwamba yeye ndiye Saa Ngapi. Koki uliifunga kwa mkono gani? Nani alikuwa karibu? Mpira ulichakaa ukamwambia nani, mkiwa wapi, akajibu nini? Na mume wangu anajibu. Mume wangu, ambaye mimi nikimuuliza umeshindaje ananijibu salama na kufunga duka, pale alimwaga maneno yote. Nikamsikia akisema siku ile maziwa yalipokuwa yanakwenda alipiga magoti akajaribu kuyazuia kwa mikono, na kwamba alitaka kulia mbele ya watu. Mimi hilo sikuwa nimeambiwa. Nimelisikia kupitia ukuta, akiambiwa mtu mwingine, na nikasugua sufuria mpaka ikakaribia kutoboka.

Jioni hiyohiyo ndipo nilipoelewa ugumu ulipo. Aliyemshtaki mume wangu ni Saa Ngapi, na kwenye meza ya waamuzi Saa Ngapi naye yumo.

"Kesi ya nyani, hakimu ngedere," mume wangu akasema.

"Tutapinga," Mama Kiti akasema. "Lakini tukipinga kwa mdomo tu, watasema ni hisia zetu. Afisa utumishi si mtu mbaya, ni mtu wa kuonyeshwa. Tungekuwa na kitu cha kumwonyesha kwamba hawa wameshaamua kabla ya kukusikiliza, kikao hicho kingekufa palepale. Tusipokuwa nacho, nitakaa na wewe tu."

"Na nikikosa?"

"Ukikosa utakuwa umesema lako. Wengi wanakosa bila hata hilo."

Siku iliyotangulia kikao mume wangu akaniambia anakwenda kuonana na Mama Kiti getini, zamu yake ikitoka, wamalizie mambo madogo. Mambo madogo. Wewe ungekaa? Mimi nilimwacha mteja kitini, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, nikamwambia nakwenda kununua nyuzi.

Hapa lazima niseme jambo. Niliwahi kwenda getini pale siku za nyuma, kwa sababu nilisikia sauti ya mwanamke akicheka kwenye simu ya mume wangu, nikapiga kelele mpaka mlinzi akanishika mkono. Mume wangu hakunigombeza. Alingoja tufike nyumbani, akasema, "Ukinifuata tena kazini, utakuwa umenihukumu bila kuniuliza. Mimi siwezi kuishi na mtu wa hivyo, nitaondoka." Mpole yule akisema kitu hasemi mara mbili. Nilijua ninachokicheza.

Nikajibanza kando ya kibanda cha muuza vocha. Nikawaona. Wamekaa benchi ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, katikati yao karatasi ya karanga. Mama Kiti akasema neno, mume wangu akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu asimamishwe hakuwa amecheka. Nimempikia anachopenda, nimemkanda mabega, nimemmwagia umbea wote wa saluni, hata tabasamu sikupata. Huyu kasema nini? Mpaka leo sijamuuliza, na mpaka leo inaniwasha.

Niliinamisha macho nisije nikalia mbele ya muuza vocha, na nilipoinamisha ndipo nikaona kisigino. Waosha matangi wakitoka huosha mabuti yao kwenye bomba la getini kabla ya kwenda kuyatundika. Pale bombani alikuwepo mwanaume mnene nisiyemjua, kageuza mguu maji yapite nyuma, na kwenye kisigino alama yangu inametameta juani.

Nikajifunika mtandio wasinijue, nikamsogelea.

"Samahani kaka. Mabuti mazuri hayo."

"Ya kazi tu, dada."

"Umepewa lini?"

"Wiki hii, nilipoanza. Msimamizi ni shemeji yangu, kamwoa dada yangu. Kaniambia niyachukue tu, mwenyewe hayupo tena."

Hayupo tena. Mwenyewe yuko pale benchi anakula karanga.

Nikajua nimeshika nini mkononi. Mgeni yule hakuijua desturi ya mabuti. Saa Ngapi anaijua vizuri, ila alikuwa na haraka ya kumweka shemeji yake na hakufikiri kwamba kuna mwanamke huko mjini anayepaka visigino rangi ya kucha. Kitu cha kuonyesha ndicho hicho. Kilichobaki ni kuvuka barabara na kukisema. Sikuvuka. Nikiwaambia, mume wangu atauliza nilikuwa nafanya nini getini. Na zaidi ya hapo, niseme ukweli wote, sikutaka kumpa yule mwanamke ushindi kwa mkono wangu. Nikajiambia si anajua kila kitu, basi na hili alijue mwenyewe. Nikarudi saluni, nikamkuta mteja amesinzia, nikamsuka nusu iliyobaki kwa hasira mpaka akalalamika kichwa kinamvuta.

Asubuhi mume wangu akapiga pasi shati lake la harusi. Likambana tumboni. Akasimama mbele ya kioo akisema maneno aliyofundishwa, taratibu, midomo inatikisika: "Niliifunga koki. Nilitoa taarifa ya mpira. Naomba nisikilizwe." Akakosea, akarudia. Mtu mzima, baba wa watoto, anajifunza kuomba asikilizwe. Wivu wangu una nguvu, lakini hapo ulikaa chini kidogo. Nikachukua mtandio nikamwambia natoka mara moja.

Mama Kiti anakaa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Nilimkuta anapiga pasi blauzi ya buluu juu ya kitanda. Nilitazama kila mahali, mtu wa tabia yangu hawezi kuacha: kikombe kimoja, sahani moja, kiti kimoja. Akanipa kiti, yeye akabaki amesimama. Nikamweleza yote. Geti, kibanda, karanga, kisigino, shemeji. Akainamisha kichwa upande mpaka nikamaliza, na kwa bahati mbaya nikaelewa wanaume wanasikia nini wakikaa naye.

"Mdogo wangu, wataniuliza nimejuaje," akasema. "Mimi mle ndani sisemi uongo. Nikiongopa siku moja, hakuna atakayefaidika na kiti changu tena. Niseme ni wewe?"

"Akijua nilikuja getini ataniacha. Alishaniambia."

"Basi amua wewe. Mimi siwezi kukuamulia."

Kabla ya kuamua nikamuuliza swali lililokuwa likinikaba siku zote, kwa nini anajishughulisha na waume za watu. Hakukasirika. Akageuza blauzi upande wa pili.

"Mimi niliachika," akasema. "Nilirudi kutoka kazini nikakuta mzigo wangu umefungwa, uko nje mlangoni. Nikamwambia niulize basi nikueleze. Akasema hana cha kuniuliza, ameshasikia. Mpaka leo sijui alisikia nini wala kwa nani. Ningejua ningekuwa nimeshasahau."

Pasi ikaendelea. Nikamwambia sema ni mimi.

Ya ndani ya kikao nimeyapata kwake, maana kwa mume wangu ningeambulia salama. Anasema kabla hata maziwa hayajatajwa, alisimama akaomba mabuti ya mume wangu yaletwe. Saa Ngapi akasema buti ni buti, tusipoteze muda. Afisa utumishi, mama mmoja wa miwani, akataka yaletwe. Yakaja yana mtu ndani.

Mama Kiti akamuuliza afisa, "Huyu bwana anasikilizwa leo, uamuzi bado, sivyo?"

"Bado."

"Na huyu aliyesimama ndani ya mabuti yake anaosha matangi ya nani?"

Saa Ngapi akauliza kuna uthibitisho gani ni mabuti yaleyale. Hapo mume wangu akafungua mkanda wake, akaugeuza ndani nje, akauweka mezani karibu na kisigino. Rangi moja, chembe zilezile. Kafungua mkanda mbele ya Mama Kiti na mbele ya mama wa miwani. Nimesamehe, ilikuwa ushahidi.

"Nani aliyeyaona haya mabuti?" afisa akauliza.

"Mke wake. Jana, getini."

Kikao kikavunjwa. Afisa akasema mtu hawezi kushtaki, kuhukumu na kugawa mabuti kwa wakati mmoja. Kitaitishwa upya, na Saa Ngapi atakuja kama shahidi tu. Kilipokaa tena, waliufungua mpira wa koki wakaukuta umekatika, na mume wangu akarudishwa kazini akiwa na onyo kwa kutoa taarifa kwa mdomo bila kuiandika. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile yeye alirudi nyumbani akiwa hajui atarudishwa au la, jambo moja tu analijua kwa hakika.

Hakunisalimia. Akapitiliza chumbani, akarudi akaketi, shati la harusi limefunguka kifungo cha tumboni. Nilikuwa nimeketi mkekani. Mlangoni pa chumba niliona begi lake la safari limetolewa chini ya kitanda.

"Ulikuwa getini," akasema.

"Nilikuwa getini."

"Nilikwambia nini?"

Nilitaka kusema bila geti lile usingekuwa na kikao kipya. Nilitaka kusema karanga. Ningesema chochote, angeshasimama.

Hodi ikapigwa. Mama Kiti akaingia, bado na blauzi ya buluu, anahema kwa kutembea upesi. Mume wangu akanyanyuka kumpa kiti cha wageni. Hakukitaka. Alivua viatu, akapita, akashuka mkekani polepole kwa magoti yake mabovu, akaketi kando yangu.

"Dada, nakuheshimu sana," mume wangu akasema. "Lakini haya ni ya nyumbani."

"Najua. Asubuhi wewe ulikuwa na mtu. Huyu hana." Akakunja mikono mapajani kama anavyofanya kikaoni, nadhani. "Mwambie kosa lake, lote, halafu unyamaze ajieleze. Ukishamsikiliza, begi ni lako."

Mume wangu akatazama begi, akatutazama sisi wawili. Kisha akakaa. Akasema yake: kwamba nilimfuata, kwamba nilimwaibisha, kwamba hata siku ambayo dunia nzima ilimshuku, alitaka nyumbani awepo mtu mmoja asiyemshuku. Alisema maneno mengi kuliko aliyonipa mwaka mzima, na safari hii hayakupita ukutani.

Alipomaliza akanyamaza, kweli akanyamaza, akaningoja.

Mama Kiti alikuwa ananuka maziwa na sabuni ya kiwanda, harufu ileile anayorudi nayo mume wangu, na hata hiyo nikaionea wivu. Mkeka wetu ni mdogo, alikuwa amekaa nusu sakafuni. Nikasogea akaenea, ndipo nikaanza kusema.